Picha ya Bibi Mapanki

Nikikutana na mtu aliyekulia Buzuruga miaka ile, hata kama siku hizi ana kitambi na mvi, haulizi habari za nyumbani kwangu. Anauliza, "Mzee Kaijage, Meneja bado anakimbia na begi?" Basi tunacheka pale barabarani mpaka wapita njia wanageuka kututazama.

Meneja alikuwa adui katika gemu ya kwanza niliyoileta. Bonge la mtu, suruali kaivuta mpaka kifuani, anarusha mabomu akiwa juu ya pikipiki. Umpige usimpige, hafi. Anachukua begi lake, anapanda juu ya paa, helikopta inamfuata, huyoo, amekwenda. Sisi tuliopunguzwa kazi kiwandani tulimpa jina hilo siku ileile, wala hatukuhitaji kikao. Watu wazima walikuwa wanatoka Nyakato na Igoma kuja kumpiga Meneja.

Kuhusu Bibi Mapanki hakuna anayeniuliza. Wanamkumbuka, tena kuliko Meneja, ila wakifika kwake wanaruka. Mimi leo siruki. Nimechoka kuruka.

Nianze na mimi, maana kosa ni langu. Nilikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na moja, Mhaya wa Muleba, najiona msomi kuliko mtaa mzima. Mwaka tisini na tano tukasomewa majina uwanjani, kiwanda kinauzwa, kwaherini. Kiinua mgongo changu nikanunua televisheni na mashine ya gemu iliyotoka Dubai, nikakodi chumba cha mbele kwa Bibi Mhoja, jirani na stendi ya mabasi. Mke wangu Prudencia aliponiona napakua masanduku alishika kiuno akasema, "Mwanaume mzima, michezo ya watoto!" Wiki haikuisha chumba kilikuwa kimejaa, na watoto ndio walikuwa wachache.

Bibi Mhoja alikuwa Msukuma wa Misungwi. Yeye na marehemu mumewe Shigela, aliyefanya kazi ya pamba, walijenga nyumba ile tofali moja moja, yeye mwenyewe akichota maji ya kufyatulia. Alizaa watoto watatu, akazika wawili, akabaki na Sabina aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, Busisi. Viwanda vya samaki vilipofunguliwa, minofu ya sangara ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na vichwa na mifupa, ndiyo mapanki yenyewe. Bibi Mhoja alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwenda kusimama getini kuyanunua. Aliyakaanga barazani kwake tangu asubuhi, kwa kuni mbichi, kwenye kikaango kikubwa kama beseni la kufulia. Moshi ule ulimharibu macho. Yalikuwa mekundu muda wote, yanatoa machozi, anayafuta kwa ncha ya khanga huku mwiko uko mkono wa pili.

Na alikuwa mcheshi, jamani. Kwa Wasukuma bibi na mjukuu ni watani, hakuna neno linalokatazwa kati yao, na Bibi Mhoja aliamua vijana wote wa Buzuruga ni wajukuu zake. Kila kijana alikuwa "mume wangu". Wao wanamjibu, "Bibi, utakufa lini tule ng'ombe?" Naye anasema, "Nikifa nitakuja kukuvuta miguu, mbwa wewe, hujaniletea hata sabuni!" Mimi kwetu ukimwambia bibi yako hivyo unatafutiwa fimbo. Nilikuwa nasikiliza nacheka mpaka naacha kazi.

Sasa hawa maadui wa gemu. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, au Kichina, hata sijui, kwa hiyo hakuna aliyejua majina yao halisi. Tukawa tunawabatiza wenyewe. Kulikuwa na kaa mwenye kofia ya askari, anasimama darajani hataki mtu apite, tukamwita Ushuru. Kulikuwa na mmoja mrefu mwenye panga la moto na mabawa, ana nguvu kuliko wote, na huyo hakuna aliyemjali. Hapo ndipo nilipojifunza biashara. Adui anayekaa kichwani mwa mtu si yule mwenye nguvu. Ni yule anayefanana na mtu unayemjua. Nguvu utaisahau ukitoka nje, lakini sura utakutana nayo sokoni. Nilikuwa nawaambia wateja maneno hayo nimekunja mikono kifuani, kama mwalimu wa chuo. Mjinga mkubwa.

Kaseti ya tatu ndiyo ilikuwa na yule bibi. Unapita msitu, unavuka mto, unaua mapopo, steji ya mwisho unakuta kibanda na bibi kizee amekupa mgongo, anakoroga chungu. Hakufukuzi. Hakutupii kitu. Anaimba kwa sauti ya puani, tuni fupi, anarudia. Ufunguo wa kumalizia gemu uko pembeni ya chungu chake, na saa inakwenda. Unaweza kusimama pale mpaka jasho likutoke. Ukigusa ufunguo anageuka, macho mekundu, anakupiga mwiko mmoja tu, roho zako zote tatu zimekwisha. Anakutia chunguni. Halafu, na hili ndilo liliwaumiza vijana, anarudi kukoroga na kuimba, kana kwamba hujawahi kuwepo.

Bingwa wetu alikuwa Antoni, mkata minofu kiwandani, mtu wa Misungwi pia. Meneja alimpiga kwa mkono mmoja huku anakula muwa. Kwa huyu bibi akakwama. Siku ya kwanza alipogeukiwa aliruka kutoka kwenye benchi, akatoa kichwa mlangoni ambako Bibi Mhoja alikuwa anageuza samaki, akapiga kelele, "Jamani, ni Bibi Mhoja! Ni Bibi Mapanki mwenyewe!" Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Bibi Mhoja akaingia na mwiko wake, akafuta macho, akasogeza uso karibu na kioo.

"Kweli ni mimi," akasema. "Ila mimi sufulia yangu safi."

Tangu siku hiyo kila jioni kabla ya kuzima moto alikuwa anachungulia, na jina langu Renatus mdomoni mwake lilikuwa Lenatus. "Lenatus mwanangu, leo nimekula wangapi?" Nikimwambia kumi na wanne, anapiga vigelegele. Antoni akimpita barazani alikuwa anajifunika uso, "Bibi usinile, nina mke!" Naye anamtupia kipande cha samaki.

Mwaka tisini na saba mtu mwingine akafungua chumba cha gemu upande wa pili wa stendi. Wateja wakaanza kupungua. Mimi msomi nikakaa nikafikiri, nikamwita mchoraji wa mabango. Nikamwambia anichoree Bibi Mapanki ukutani, nje, ukubwa wa mtu. Mchoraji alikuwa hajui gemu, akauliza achore nini. Nikamwonyesha Bibi Mhoja, nikasema mchore huyo. Na Bibi mwenyewe akakaa kwenye kigoda, akainua mwiko, akakodoa macho, anacheka meno nje. Alikaa saa mbili bila kulalamika. Chini yake nikaandikisha kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: BIBI MAPANKI. ANAKULA WATU. NANI ATAMWEZA?

Prudencia aliiona akitoka kanisani. Alisimama na mtoto wetu Immaculata mgongoni, akaisoma yote, akangoja tufike nyumbani kwetu, nyuma ya stendi.

"Renatus, futa ile picha."

"Kwa nini? Mwenyewe amekubali."

"Amekubali kwa sababu anakupenda. Wewe husikii redio? Husikii huko vijijini wanawafanya nini wazee wenye macho kama yale?"

Nilisikia. Asije mtu akadhani sikusikia. Bibi vizee walikuwa wanakatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho ya moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, na kila mtu kanda ya ziwa alijua. Lakini nikamwambia mke wangu hayo ni mambo ya porini, hapa ni mjini, watu wana televisheni. Nikamwambia pia ajali mapishi yake. Akaenda zake jikoni. Na wateja walirudi, nikaona nimeshinda.

Ukuta ule ulikaa miezi mitano. Halafu mtoto wa Antoni akaumwa. Rebeka, miaka mitatu, mtoto wa pekee. Asubuhi alikuwa anacheza stendi, mchana joto likapanda, jioni degedege, anakakamaa na macho yanageuka juu. Walimpeleka hospitali akiwa tayari amelegea. Tulimzika siku ya pili. Bibi Mhoja alikuja msibani tangu mwanzo, akalala chini na wanawake wengine, akalia kwa sauti mpaka ikakauka.

Siku ya tatu matanga yakaanuliwa. Ndugu wa Antoni waliotoka kijijini wakawa wanarudi kwao, wanatembea kwenda stendi, na mbele yao baba yake mkubwa, Mzee Mashimba. Ilikuwa saa nne asubuhi. Bibi Mhoja alikuwa amesharudi kwenye moto wake, amekaa barazani anakaanga, mwiko mkononi, na juu ya kichwa chake ukutani kuna yeye mwenyewe, macho mekundu, mwiko mkononi.

Mzee Mashimba akasimama. Aliyasoma yale maneno polepole, kwa sauti. Akawauliza watoto waliokuwa pale, "Huyu wa ukutani nani?"

"Bibi Mhoja," wakasema.

"Na huyu aliyekaa?"

"Bibi Mhoja."

Nilikuwa mlangoni. Niliona uso wake unavyobadilika, na hata hapo sikuelewa. Akawageukia watu wa mtaa waliokuwa wanasubiri basi. "Watu wa mjini mna mioyo ya ajabu," akasema. "Mmemjua. Mmemchora. Mmeandika kazi yake, mkauliza nani atamweza. Halafu mnamwacha anakaanga samaki mpaka anamla mjukuu wangu?"

Ndipo nikaelewa. Kwake yeye lile halikuwa tangazo. Lilikuwa neno la mtaa mzima, limeandikwa hadharani, linamsubiri mtu mwenye uchungu.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Hii ni gemu tu."

"Ni nini?"

"Mchezo. Wa kwenye televisheni. Ingieni muone wenyewe."

Laiti ningenyamaza. Wanaume watano wenye vichwa vilivyonyolewa kwa msiba wakaingia wakasimama nyuma yangu, nami nikaweka kaseti. Steji zile nilizijua kwa moyo, nikafika kibandani. Yule bibi yuko pale, katupa mgongo, anakoroga, anaimba puani. Nikagusa ufunguo ili waone kwamba ni mashine. Akageuka, akanipiga, akanitia chunguni, akarudi kukoroga.

Mzee Mashimba akavua kofia. "Mnamwona anavyofanya," akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Na mnakaa kwenye mabenchi mnatazama."

Tulipotoka nje watu walikuwa wameongezeka. Bibi Mhoja alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono. Na Antoni akafika, amekuja kuwasindikiza ndugu zake, macho yamevimba. Mimi moyo ulitulia nilipomwona. Nikasema ahsante Mungu, aliyetoa jina amekuja.

"Mume wangu," Bibi Mhoja akamwambia, "waambie basi. Si wewe ulinipa hili jina?"

Antoni akamtazama. Akautazama ukuta. Midomo ilicheza, naapa alitaka kusema. Mtu aliyekaa mbele ya ile mashine miaka miwili, aliyejua kila kitufe chake, alikuwa na maneno mawili tu ya kusema yakamaliza kila kitu.

"Alimpa Rebeka samaki," akasema. "Asubuhi ile. Alimpa samaki, akala."

Kwani kuna mtoto gani wa stendi ambaye hakupewa samaki na yule mama? Lakini hakuna aliyesema hivyo. Mimi pia sikusema. Mmoja wao akapiga teke kikaango, mafuta yakamwagika kwenye moto, moto ukaruka. Wateja wangu, wale wale waliokuwa wanamwita bibi, wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mzee Mashimba akamshika Bibi mkono wa mwiko.

Prudencia ndiye aliyepasua umati. Sijui nani alimwambia. Alikuja mbio bila viatu, akamfungua Immaculata mgongoni, akamweka mikononi mwa Bibi Mhoja mbele yao wote.

"Kama anakula watoto, aanze na huyu wangu," akasema. "Haya! Tumsubiri."

Immaculata akashika sikio la Bibi akaanza kulivuta. Mzee Mashimba akauachia ule mkono. Mwenyekiti wa mtaa akafika akitokwa jasho, akasema maneno mengi ya sheria na amani, na mwisho wake akasema ili pasimwagike damu ni heri mama huyu aondoke kesho asubuhi, aende kwa bintiye. Mtu aliyejenga nyumba ile kwa mikono yake. Niliipaka rangi picha mchana uleule, mikono inauma, na kila mara ile nyekundu ilikuwa inatokea chini ya nyeupe.

Bibi alilala kwetu. Asubuhi nilitangulia kutuma salamu kwa Sabina kupitia utingo wa basi la kwanza, na wakati tunajiandaa Immaculata akaamka na joto. Prudencia akamgusa paji, akasema ataangalia. Bibi akasema achemshiwe maji aogeshwe. Sisi wawili tukaondoka.

Njia nzima hakunilaumu. Aliniambia habari za nyumba, bomba la nyuma linavuja, nisisahau kulifunga. Tulivuka kwa pantoni pale Kigongo, upepo mzuri, ziwa limetulia. Sabina alikuwa amesimama ng'ambo, Busisi, pale watu wanaposhukia, na nilipomwona hana mtoto wala kikapu, amekuja mikono mitupu, nikajua hakuja kumpokea mama yake.

"Habari zimefika jana," akasema. Alikuwa analia. "Mama, mume wangu hana neno. Ni ndugu zake. Wamesema ukiingia pale wataichoma nyumba na sisi ndani."

Bibi Mhoja akamwambia nyamaza mwanangu, nyamaza, watu wanatuangalia. Akamfuta machozi kwa khanga yake. Akamwambia arudi kwa watoto haraka, asionekane amekaa sana. Sabina akaondoka anageuka nyuma.

Tukabaki wawili, na furushi lake la nguo. Pantoni ilikuwa inapakia magari kurudi Kigongo. Jambo la kufanya lilikuwa moja, na mtoto mdogo angelijua: Bibi, turudi nyumbani. Prudencia alikuwa na chumba, na alikuwa na roho. Nikafungua mdomo. Nikayaona yale macho, mekundu, yananitazama kwa karibu, nikamkumbuka Immaculata alivyokuwa wa moto asubuhi baada ya kulala chumba kimoja naye. Mimi, niliyemwita mchoraji. Mimi ninayejua kwa nini ni mekundu. Niliogopa. Haikuzidi muda wa kumeza mate, lakini yeye alikuwa ameshaniona.

"Nenda, Lenatus," akasema. "Mtoto anaumwa."

"Bibi, nitarudi kukuchukua. Kesho kutwa."

"Ndiyo. Nenda."

Akajitwika furushi lake, akaenda kuwauliza wanawake wanaouza samaki pale kama kuna mahali pa kukaa. Hakugeuka. Ningeweza kumwita, hakuwa mbali. Nilipanda pantoni.

Nilifika nyumbani saa tisa alasiri. Prudencia alikuwa mlangoni, Immaculata ananing'inia kwenye sketi yake, anatafuna kipande cha muhogo.

"Ni jino tu," akasema. "Joto limeshuka tangu saa nne. Umemfikisha?"

"Nimemfikisha."

"Sabina amempokea vizuri?"

"Vizuri sana. Wamemwandalia na chumba."

Prudencia akafumba macho, akasema Mungu ashukuriwe, alikuwa hajala tangu asubuhi kwa wasiwasi. Akaingia jikoni akapakua ndizi na maharage, sahani mbili, tukakaa, nami nikala.